Njia ya Juu ya Tembe

Kosa langu la kwanza kama mjenzi ni hili: nililaza paa la mabati kuelekea kwa bibi yangu. Nililaza hivyo kwa sababu upande huo ndio unaoonekana na mtu anayekuja kwa njia ya Mkonze, nami nilitaka mabati yaonekane. Vitu vingine vyote nilivipima. Nilipima kuta kwa timazi mpaka kamba ikanitia kidonda kidoleni. Nilipima kona, nilipima kizingiti, nilipima hata urefu wa mtu mmoja wa Kondoa niliyemwona mara moja tu. Mahali maji yatakapoangukia sikupapima.

Naandika haya nikiwa bado kijana na mkono wangu haujatulia. Mwanzo huu nimeuandika na kuuchana, nikauandika tena, kwa maana ninavyoandika ndivyo ninavyojenga. Mstari ukipinda kidogo, nabomoa.

Sisi ni Wagogo, na kaya yetu ni tembe la kawaida: vyumba virefu vilivyoshikana, vinauzunguka ua wa ng'ombe pande zote, na paa moja tambarare la miti, fito na udongo linapita juu ya watu wote. Aliyelelewa kwenye nyumba ya msonge hudhani paa ni kifuniko tu. Kwetu ni uwanja wa pili. Mtama na uwele huanikwa huko, majani ya mlenda hukaushwa huko, na wanawake hupita juu kutoka kwa huyu hadi kwa yule bila kushuka kukanyaga samadi. Ugomvi ukianza kwa jirani wa mashariki, asubuhi jirani wa magharibi ameshaupata, umepita juu pamoja na ungo wa mtama.

Mimi nililichukia tembe letu. Afadhali niseme wazi. Sikulichukia tangu utoto. Nililichukia tangu reli ilipofika Dodoma na mimi nikaenda stesheni kufanya kibarua cha kuchanganya chokaa. Hakuna aliyenifundisha kujenga. Mafundi walikuwa Wahindi na Wagiriki, wakisema kwa lugha zao, na kwa Kiswahili walijua amri tu: leta, ondoa, upesi. Mimi nikajifunza kwa macho. Niliona tofali linavyolala juu ya maungio ya mawili, niliona kamba inavyovutwa, niliona kipande kidogo cha risasi kinachoning'inia kwenye uzi na kusema kweli kuhusu ukuta. Kile kipande kilinitoa akili. Mafundi walipoondoka kuifuata reli magharibi, niliokota nati kubwa ya reli, nikaifunga uzi, ikawa timazi yangu. Herufi nazo nilijifunza vivyo hivyo, kwanza kwenye mapipa ya saruji, kisha kwenye kitabu kilichochanika nilichopewa na mwalimu wa misheni.

Basi nikarudi nyumbani na macho mapya, na macho mapya ni adhabu. Kila nguzo ya tembe letu ilikuwa imeegama. Milango ilikuwa myembamba juu na mipana chini. Nikiwa nakula, macho yananipanda nguzoni na tonge linaniganda mkononi. Bibi aliona.

"Mume wangu," aliniambia, kwa maana bibi zetu hutuita hivyo, "nguzo hiyo imeegama tangu sijamzaa baba yako. Kula."

Upande wa magharibi wa kaya kulikuwa na pengo. Hapo palikuwa na chumba cha babu, kikaanguka baada ya babu kufa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukisimamisha. Upande mmoja wa pengo alikaa bibi, aliyetulea mimi na kaka baada ya njaa kuchukua baba na mama. Upande wa pili alikaa shangazi, dada yake baba, aliyerudi nyumbani alipofiwa na mume. Wanawake walilaza magogo mawili juu ya pengo wakaendelea kupita kama kawaida. Mimi nilipita chini yake kila siku na sikuyaona magogo yale. Niliona pengo.

Kaka yangu alikuwa mtu wa reli. Alianza kazi njia ilipokuwa imefika Gulwe, akaja nayo mpaka Dodoma, na hapo stesheni akapewa kazi ya kugeuza njia za gari la moshi. Alikuwa ameposa binti wa mfanyabiashara wa ngozi wa Kondoa, na kaka alikuwa amekwisha kusilimu huko huko stesheni. Jambo hilo bibi hakulinung'unikia. Alichouliza ni kama huyo binti anakula mlenda. Shida ilitoka kwa baba mkubwa wa binti, mtu mrefu kama mlingoti, aliyekuja kutuona akagonga kipaji kwenye mlango wa bibi. Alikaa, akanywa maziwa, akasema kwa adabu zote kwamba binti yao hataingia nyumba ambayo mtu huinama mlangoni kama mbuzi.

Baada ya siku chache kaka akaja na habari nyingine. Tulikuwa tunakula uani, jua bado liko juu ya vilima.

"Bibi, nimepewa kiwanja stesheni," alisema. "Kwenye mstari."

"Mstari wa nini?"

"Wa nyumba mpya. Nyumba, nafasi, nyumba, nafasi. Mjerumani anataka hivyo. Karani wa boma anasubiri jibu langu kabla ya mvua."

"Na hizo nafasi ni za nini?"

"Moto usivuke."

Bibi alichovya tonge kwenye mlenda, akalizungusha. "Moto usivuke. Na mtu je?"

"Mtu atazunguka," kaka akasema.

"Atazunguka," shangazi akadakia. "Mama, wewe jiandae. Utakuwa unazunguka na fimbo yako kumtafuta mjukuu. Au atakutumia salamu kwa gari la moshi, likupigie honi."

Walicheka, hata kaka. Mimi sikucheka. Wakati wa njaa kaka alinibeba mgongoni kutoka kwetu mpaka kwa watu waliokuwa na chakula, naye mwenyewe alikuwa mtoto wa kubebwa. Tangu siku ile sijawahi kulala kwenye kaya ambayo yeye hayumo bila kuamka nikisikiliza. Nilimwona amekaa pale na kofia yake ya kazi gotini, nikamwona ameshaondoka.

"Nitajenga hapa," nikasema.

Wakanitazama wote.

"Kwenye pengo la babu. Matofali ya kuchoma, mabati, mlango mrefu. Nyumba nzuri kuliko zote za mstarini. Usiondoke."

Neno la mwisho lilinitoka bila kulipanga. Kaka alilisikia, akajifanya hakulisikia.

"Kabla ya mvua?" akauliza.

"Kabla ya mvua."

"Haya," bibi akasema. "Mume wangu mdogo ameamua. Shangazi yako sasa atalala na jirani wa matofali."

Nilifyatua matofali kando ya korongo na kuyachoma kwa kuni za mgunga. Mabati tuliyapata kwenye kambi ya wajenzi wa reli waliohama, yakiwa na matundu ya misumari ya zamani, nikayaziba moja moja kwa lami. Nilifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Nilipoamka, kabla ya kunawa, niliuwekea ukuta timazi, kana kwamba ungeweza kuinama usiku. Nikikuta umetoka hata kwa unene wa ukucha, nabomoa. Kaka akirudi kutoka kazini anakuta ukuta uko chini kuliko alivyouacha asubuhi.

"Nionyeshe palipopinda," aliniambia siku moja.

Nikamwonyesha.

Akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili. "Sioni."

"Mimi naona."

"Utakaa wewe humo au nitakaa mimi?"

Nikabomoa hata hivyo. Nilijua ananikasirikia, na hasira yake ilinitia hofu kwamba ataondoka, na hofu ikanifanya nipime zaidi. Ndivyo nilivyokuwa. Bado niko hivyo kwa kiasi.

Shangazi ndiye aliyenijia na swali lililofaa. Alisimama juu ya paa lake, ukingoni, kapu la mtama kichwani, miguu yake ikiwa sawa na uso wangu.

"Baba, magogo yetu umeyaondoa."

"Ndiyo, shangazi. Ukuta unapita hapo."

"Sasa tutapita wapi?"

"Kwa ngazi. Mnashuka, mnavuka ua, mnapanda upande wa bibi."

"Na hili kapu?"

"Ni siku chache tu."

"Mpaka lini?"

Sikumjibu. Haikuwa dharau, ingawa ilifanana nayo. Nilikuwa naangalia tofali moja lililokaa vibaya kando ya kisigino chake, na swali lake likapita kama upepo.

Nyumba ilikwisha mawingu yakiwa yameanza kukusanyika upande wa mashariki. Kuta zilisimama juu kuliko tembe kwa kimo cha mtoto, nyekundu, kila pembe imekatwa kama kwa kisu, na mabati yalielekea njia ya Mkonze yakimeta. Watu walikuja kuona. Wazee walipitisha kidole kwenye maungio ya chokaa. Kaka alipita mlangoni akiwa amenyoosha shingo, akatoka, akapita tena, akiniangalia huku anacheka kimyakimya, na moyo wangu ukapoa kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze.

"Shangazi, unaionaje?" nilimwuliza.

Alitazama upande wa bibi, akatazama upande wake, akatazama katikati. "Kama jino jipya kwenye kinywa cha mzee," akasema.

Niliichukua kuwa sifa. Niliitembeza kichwani mpaka jioni.

Mvua ya kwanza kwetu haitumi mjumbe. Ilikuja mchana, kwa kishindo. Desturi yetu mvua ya kwanza ikinyesha kila mtu husimama mlangoni mwake akisikiliza paa, kwa maana udongo uliokauka miezi mingi una nyufa, na mtu aliyezaliwa chini ya tembe anajua kwa sikio kama maji yanapita au yanakaa. Siku ile hatukusikia kitu. Mabati yalipiga kelele yakameza sauti za mapaa yote. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba mpya nikitazama juu kama kuna tundu la msumari linalovuja. Halikuvuja hata moja. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe, nilisimama pale mkavu na nikafurahi.

Kumbe maji yote ya bati yaliteremka kwa pamoja na kuangukia paa la bibi. Paa la udongo hustahimili mvua inayotawanyika. Halistahimili mto. Udongo ulilainika, ukawa uji, ukawa mzito, na kona iliyo karibu na ukuta wangu ikashuka polepole, fito zikivunjika mojamoja, mpaka ikalala juu ya jiko na kihenge cha mtama.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni kama wengine, hakuumia. Mvua ilipokata alivuka ua mpaka kwangu akiwa ameshika chungu kilichojaa tope.

"Mume wangu," akasema, "maji yako yamefika."

Ninachokiona kibaya kuliko paa lenyewe ni nilichofanya baada ya hapo. Shangazi na wanawake wa kaya walikuwa wanatoa mtama uliolowa, wanautandaza kwenye ngozi uani. Mimi nilichukua timazi nikapima kuta za nyumba mpya. Zilikuwa zimenyooka. Nikahamia ukuta mwingine. Nao umenyooka. Kaka alipofika kutoka stesheni alinikuta uzi mkononi.

Aliangalia lile shimo juu ya chumba cha bibi.

"Kuta zimenyooka," nikamwambia. Nilisema hivyo kweli.

"Kuta zimenyooka," akarudia. "Na bibi atalala kwa shangazi." Akavua kofia, akaikung'uta maji. "Nitakwenda boma. Karani ataninunia kwa kuchelewa, lakini kiwanja bado kipo."

"Nitaligeuza paa."

"Ndiyo, na kesho kutwa utaona tofali limepinda. Mdogo wangu, mimi nataka kuoa. Sitaki kukaa ndani ya kitu ambacho hakiishi kujengwa."

Nilitaka kumwambia kwamba najenga vile kwa ajili yake. Sikusema, kwa sababu shangazi alikuwa anapita na ngozi ya mtama na ningelia mbele yake.

Kwetu paa likianguka halitengenezwi na mwenyewe peke yake. Wote wanaoshiriki paa hupandisha udongo, na aliyepakana na palipoanguka hutangulia. Mpakani nilikuwa mimi. Asubuhi nikachukua kapu, nikapanda kwa ngazi upande wa shangazi kwa kuwa upande wa bibi haukanyagiki. Sikuwa nimepanda juu ya tembe tangu nilipoanza kazi ya stesheni. Mwanamume mwenye timazi mfukoni angepanda kufanya nini?

Nikaona njia. Ilipita ukingoni mwa ndani, juu ya ua, nyembamba, ngumu kama uwanja wa kupuria, imeng'arishwa na nyayo za wanawake waliokufa kabla sijazaliwa. Mvua haikuiharibu, maji yalikuwa yameteleza juu yake. Nikaifuata kwa macho kutoka paa la mbali, ikazunguka kona, ikapita juu ya mlango wa shangazi, ikaja mpaka ukuta wangu wa matofali. Hapo ikakoma. Chini ya ukuta, kwenye udongo uliolowa, kulikuwa na nyayo zilizojaa mahali pamoja, visigino vimejizungusha.

Shangazi alikuwa nyuma yangu na kapu lake.

"Hapo ndipo tunapogeukia," akasema.

"Kila siku?"

"Ulidhani mtama unaruka?"

Nikachuchumaa nikazigusa zile nyayo. Nikageuka nikamwuliza alichoniuliza yeye wakati wa kiangazi, ila sasa swali lilikuwa langu. "Shangazi, mnataka kupita wapi?"

Wanawake wakaacha kumwaga udongo. Mmoja akasema pale pale palipokuwa magogo. Mwingine akasema magogo yalikuwa yanateleza, afadhali udongo. Shangazi akasema pawe na upana wa watu wawili kupishana na makapu.

Bibi alikuwa uani anapepeta mtama, masikio yako kwetu. "Mwambieni apime kwanza makalio ya shangazi yake," akapaza sauti. "Asije akajenga ya watu wa stesheni waliokonda."

"Mama, mtoto ana huzuni," shangazi akamjibu.

"Huzuni yake haikaushi mtama wangu. Apime."

Nikapima. Nilipima kwa makapu mawili yaliyowekwa kandokando, na wanawake wawili kweli wakapishana mbele yangu wakisukumana makusudi.

Jioni nikamfuata kaka nikamweleza nilichotaka kufanya. Bati nitaligeuza lielekee nyuma, nje ya kaya, maji yaangukie mtaro. Mbele, upande wa uani, nitaweka baraza yenye paa la udongo, litakaloshikana na paa la bibi huku na la shangazi kule, ili njia ipite juu yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Baraza kwa kimo cha tembe?" akauliza. "Baba mkubwa wa mchumba wangu atagonga kichwa tena."

Hilo nilikuwa sijalifikiri. "Nitaliinua. Kidogo. Nitaweka kipandio cha udongo huku na huku."

"Kidogo kiasi gani?"

"Sijui."

Nadhani hilo ndilo lililomshangaza, kwamba nilisema sijui. Akakuna ndevu. "Watu wa Kondoa wanakuja mwezi ukiandama. Nitasubiri mpaka hapo. Wakikataa nyumba, naenda stesheni, na usinililie."

Nilifanya kazi katikati ya mvua na mvua. Nikashusha mabati, nikaongeza mistari ya matofali mbele na kuipunguza nyuma, nikachimba mtaro. Kwa baraza sikuwa na miti mipya. Nilichimbua nguzo za chumba cha babu zilizokuwa zimelala kwenye magugu, ngumu bado, zenye panda juu za kupokea boriti. Hakuna hata moja iliyonyooka. Nilizizungusha kila upande nikitafuta upande ulionyooka na sikuupata. Nikiweka timazi, uzi uligusa mti juu, ukauacha katikati, ukaugusa tena chini. Mwishoni nilitia timazi mfukoni nikasimamisha nguzo kwa jicho, nikiwa natoka jasho kama mgonjwa wa homa.

Ugumu ulikuwa kwenye mshono, mahali ukuta wangu unapokutana na udongo wa bibi. Tofali lina ukingo, udongo hauna. Nilijaza kwa chokaa, chokaa ikapasuka. Nikajaza kwa matofali madogo, yakaonekana kama meno ya panya. Shangazi alikuja na tope lililochanganywa na samadi na makapi, akalikandika pale kwa viganja vyake, kushoto na kulia, akaondoka kwenda kupika. Likashika. Lilipokauka alama za viganja vyake zilibaki, vidole vyote wazi, juu ya matofali yangu mekundu.

Zilinisumbua. Nilikuwa nikipita naziona. Siku moja nilichukua mwiko nikapanda nizikwangue, na nilikuwa nimeshaweka ncha kwenye kidole cha kwanza.

"Ukikwangua, baba, kesho napaka tena," shangazi akasema kutoka uani bila kuinua macho kwenye mboga. "Na kesho nitapaka kwa mikono yote miwili."

Nikashuka.

Watu wa Kondoa walikuja mwezi ulipoandama: baba mkubwa, mke wake, na binti mwenyewe, aliyefunika kichwa kwa kanga na kuangalia kila kitu pasipo kugeuza shingo. Bibi akawasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na binti akaitikia sawasawa, na hapo nikajua bibi ameshamkubali. Lakini bibi hakuwa ndiye anayesubiriwa.

Baba mkubwa alisimama uani akiiangalia nyumba. Nami nilimwangalia yeye. Niliona vitu vyote vilivyopinda kwa pamoja: nguzo za babu, kipandio cha kushoto kilichozidi cha kulia, viganja vya shangazi. Kaka alikuwa kando yangu, nikasikia anavyopumua. Yule mzee akatembea. Alipita chini ya paa la baraza na kofia yake iliyodariziwa ikakwaruza fito, ikasogea nyuma kichwani. Akasimama. Akainua mkono akairekebisha. Halafu akapita mlangoni akiwa amenyooka kabisa, na juu yake bado pana nafasi ya mkono.

Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka aliinamisha kichwa kidogo chini ya fito, bila mtu kumwambia.

Mkewe alimcheka. "Umeinama."

"Nilisema asiiname mlangoni," akajibu. "Hapa si mlangoni. Hapa ni njia ya watu."

Binti hakuwepo uani tena. Tulimtafuta kwa macho, tukasikia sauti juu. Shangazi alikuwa amempandisha, wanapita kutoka paa la bibi kwenda la shangazi, juu ya baraza yangu, huku shangazi anamwonyesha kaya ya nani iko wapi na nani hasemeshani na nani. Kwenye kipandio kilichozidi, binti alijikwaa, akashika ukuta, akakicheka.

"Hiki kimemshinda fundi?" akauliza.

"Fundi mwenyewe huyo chini, mwulize," shangazi akasema.

Nilinyanyua mikono tu, na kaka akaniwekea kiganja shingoni, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo na naogopa fisi.

Asubuhi yake alivaa kofia ya kazi akasema anapitia boma kumwambia karani ampe kiwanja mtu mwingine. Alipofika kwenye lango la kaya akageuka.

"Usibomoe kitu mpaka nirudi," akasema.

Sikubomoa. Nilitaka. Kipandio kile nilikitazama mchana kutwa.

Bibi alirudi chumbani kwake baada ya mavuno, lakini kitanda alikihamishia pembe ya pili, mbali na mshono. Nilimwonyesha mtaro, nilimwonyesha paa linavyoteremka nje, nikamwaga maji juu yake aone yanavyokwenda. Akasema ameona, akasema ni kazi nzuri, na kitanda hakikurudi. Kila mvua ya kwanza nasimama mlangoni mwake kusikiliza.

Kaka anaishi kayani na mke wake, na huenda stesheni kwa miguu. Mimi nimejengea watu wengine tangu wakati huo, nyumba moja Chamwino, nyingine Mkonze, zote zimebanwa na matembe ya zamani. Bado napima kupita kiasi, na bado nabomoa pasipo lazima. Kilichobadilika ni kwamba sasa, kabla sijatoa timazi mfukoni, napanda kwanza juu ya paa la jirani nikauliza nani anapita hapo na maji yanakwenda wapi.